Land Cruiser 75 iliyolala miaka mingi: ianzwe wapi, iinuliwe kiasi gani, na je, ifungwe tabo?

Swali, kwa ufupi: Msomaji amenunua Toyota Land Cruiser pikapu, HZJ75 yenye injini ya 1HZ, iliyosimama nje kwa zaidi ya miaka 6. Chasisi imeliwa na kutu upande wa nyuma, uji mweusi wa grisi na oili unachuruzika nyuma ya magurudumu ya mbele, na gari lilipokuwa likivutwa kwenda nyumbani usukani ulitikisika kwa fujo. Ana spana za kawaida, jeki mbili na mashine ndogo ya kuchomelea. Anataka kuliinua gari sentimita 10, kulivisha matairi ya inchi 35, kufunga tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), kisha rangi. Anauliza: “Nianze na kipi, na je, nivue bodi lote kwanza?”

Jibu:

Bodi usivue. Na huo mpango ugeuze: tabo, matairi na kuinua gari vyote vinaongeza mzigo kwenye ekseli ya mbele, breki na chasisi, yaani sehemu zile zile ambazo kwenye gari lako tayari zinalia. Ukizitengeneza hizo kwanza, huenda nusu ya ulivyotaka kuongeza usivihitaji tena.

Bodi lina sababu yake ya kuachwa. Kabini likishanyanyuliwa unahitaji mahali pa kuliweka, bolti nyingi zitakatika zikitoka, na gari halisukumiki tena. Miradi mingi ya nyumbani hufia hapo, vipande vikiwa kwenye maboksi na hakuna anayekumbuka kipi ni cha wapi. Fanya sehemu moja, irudishe, gari libingirike, ndipo ushike nyingine. Kuvua bodi kuna maana pale tu reli za chasisi chini ya kabini zinapokuwa zimetoboka, na hilo utalijua kwa nyundo.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, lala chini ya gari, gonga chasisi sentimita kwa sentimita. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya ubao. Panapotoa sauti hiyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Tazama zaidi nyuma ya gurudumu la nyuma, mahali springi zinapofungwa, miguu ya kubebea kabini, na mihimili ya kati inapokutana na reli. Tope hujazana ndani ya reli na kukaa na unyevu miaka yote, kwa hiyo kutu hutoka ndani kuja nje. Rangi inayovimba kidogo tu mara nyingi imefunika tundu. Kabla ya kugonga, mwaga maji ya presha ndani ya reli kupitia matundu yake hadi yatoke safi. Kwenye kabini, angalia pembe za chini za kioo cha mbele, ndani ya ule mpira wake, na sakafu chini ya pedali.

Kabla hujakata chochote, pima. Weka chasisi sawa kwenye stendi nne, teremsha timazi kutoka kwenye matundu yanayolingana kushoto na kulia, weka alama sakafuni, kisha pima mishazari. Ikitofautiana zaidi ya milimita 5 hivi, reli imepinda, na hiyo ni kazi ya mashine ya kunyoosha. Ukiwa na vipimo hivyo, utajua pia kama kuchomelea kwako kumeivuta.

Kata kutu hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa. Kubandika bati juu ya kutu ni kuificha tu, maana itaendelea kula katikati ya mabati mawili. Bati jipya liwe na unene ule ule wa reli, na pima reli yako usikisie: bati nene kupita kiasi hufanya mahali hapo pawe pagumu kuliko jirani yake, na ufa mpya utazaliwa ukingoni mwa kiraka. Kwa sababu hiyo hiyo kiraka kisikatwe mraba. Kikate ncha kama jani, ili mshono wa weldi usivuke reli wima kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Kingo za juu na za chini za reli ndizo zinazobeba mvutano mkubwa. Usimalizie weldi hapo. Katikati ya kiraka toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita 5 au 6 na uyajaze weldi, bati lishikane na reli mwili mzima.

Chomelea vipande vya sentimita 3, hama upande wa pili, subiri chuma kipoe hadi kishikike kwa mkono, rudi. Mshono mrefu wa mfululizo ndio unaovuta chasisi. Ufa wa kawaida, bila kutu, kwanza utafutie mwisho wake, toboa tundu la milimita 4 pale ulipoishia ili usiendelee, uchimbe kwa grainda uwe na umbo la V, ujaze, usawazishe, ndipo uweke kiraka.

Kuna mambo ya usalama yasiyo na mjadala hapa. Ondoa waya za betri na za alteneta. Kibano cha ethi kikae sentimita chache kutoka unapochomelea, la sivyo umeme utapita kwenye beringi na kuzitoboa vishimo. Tangi la dizeli litoke kabisa kama unachoma karibu nalo, na tangi lenyewe usilichomelee hata kama limekaa wazi mwezi mzima. Na usisafishie chuma cha kuchomelea kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia breki yenye klorini: ikikutana na joto la weldi hutoa gesi ya fosijini, ambayo kiasi kidogo tu huharibu mapafu. Tumia maji na sabuni, kisha brashi ya waya.

Weldi ikipoa, praima ya zinki, rangi ya chasisi, halafu nta ya kupuliza ndani ya reli kwa mpira mrefu. Hiyo nta ndiyo muhimu kuliko rangi yote ya nje.

Kuiamsha injini

Chasisi ikiwa inafaa kuokolewa, jua hali ya injini kabla ya kutumia pesa kwingine. Usipige stata. Toa hita plagi zote 6, mimina oili nyepesi kidogo, mililita 10 hivi, kwenye kila tundu, iache usiku kucha, kesho yake zungusha krenki kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Izunguke mizunguko miwili kamili bila kugota. Ikigota, simama utafute sababu. Stata ina nguvu ya kupinda valvu.

Taiming belti ibadilishwe kabla injini haijawaka hata mara moja, pamoja na roli yake ya kukazia. 1HZ ni injini ambayo belti likikatika valvu hukutana na pistoni. Toyota imeweka kilomita 100,000 kama muda wa kubadilisha, na kuna taa ya kukumbusha kwenye dashibodi, lakini taa hiyo huzimwa kwa mkono, kwa hiyo kutowaka kwake hakuthibitishi kitu. Raba iliyokaa miaka 6 imezeeka hata kama gari halikutembea. Bahati nzuri belti ni fupi, liko juu nyuma ya kifuniko chake, na kazi yake ni ya asubuhi moja. Weka alama kwenye puli kabla ya kutoa, na ukishafunga zungusha krenki mara mbili kwa mkono uone kama alama zimerudi mahali pake.

Dizeli yote ya zamani imwagwe na tangi lisafishwe. Chini utakuta utelezi mweusi, ni viumbe vinavyoota pale maji yanapokutana na dizeli, na vitaziba filta mpya ndani ya nusu saa. Badilisha filta na mipira yote ya mafuta. Weka oili mpya na filta yake. Chomoa waya wa solenoidi ya kukatia dizeli kwenye pampu, hita plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya presha ya oili izime. Baada ya hapo ndipo urudishe vitu na kuiwasha. Kaa na kipande cha ubao karibu na mdomo wa kuingizia hewa: pampu iliyolala ikinata, injini inaweza kupanda mizunguko bila kushikika, na njia pekee ya uhakika ni kuinyima hewa. Kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Ikiwaka, iache ipate joto kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili. Moshi mwepesi ni kawaida. Ikipumua kwa mapigo na kurusha oili, pima mgandamizo. Namba yenyewe hubadilika kulingana na kipimo chako na betri. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda: isizidi bar 5. Ikiwa asubuhi injini inasumbua kuwaka lakini mchana inawaka vizuri, kabla ya kulaumu hita plagi weka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Ukiona mapovu, hewa inaingia mahali, mara nyingi kwenye sili za pampu zilizokauka au kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta.

Ekseli ya mbele, ambako tatizo lako lipo

Ule uji mweusi na ule mtikisiko wa usukani ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Ndani ya lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu mna sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likikata kona, iliyozungukwa na grisi. Sehemu ya nje ya tufe hilo inageuka juu ya beringi mbili za kingpini, moja juu moja chini. Sili ya ndani ya ekseli ikichoka, oili ya difu huvuja ikaingia kwenye grisi na kuifanya uji. Uji hutoka kupitia sili ya nje, beringi za kingpini hubaki kavu, hulika, hulegea, na gurudumu linaanza kutikisika. Dampa mpya ya usukani itauficha mtikisiko huo miezi michache tu. Usiinunue sasa.

Kwa kila upande tafuta: seti ya sili za tufe (pete ya kitambaa, mpira na bati lake), sili ya ndani ya ekseli, beringi 2 za kingpini, beringi 2 za gurudumu, sili ya habu, gaskiti, washa ya kufunga yenye masikio, na kopo la kilo moja la grisi ya moli. Vifaa visivyo vya kawaida ni soketi ya milimita 54 ya nati za habu, koleo ya klipu, kipande cha shaba cha kugongea, spana ya torki na mizani ya ndoano inayosoma hadi kilo 10. Mizani hiyo ni ya bei ndogo na ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na ya kubahatisha.

Inua gari, liweke kwenye stendi chini ya chasisi. Toa kalipa uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake. Toa klipu ya mwisho wa shafti, kisha nati za habu ya kufungia fowili. Chini yake kuna washa za koni zilizonata. Ukizipiga bisibisi utaziharibu. Piga kichwa cha kila bolti, na pembeni mwa habu, kwa shaba, kipigo kimoja kikavu, zitaruka zenyewe. Nati mbili za 54 zina washa katikati iliyokunjwa, inyooshe kabla. Habu na diski vitatoka pamoja. Bolti 8 za spindeli, yaani kile kishina ambacho habu huzungukia, zikitoka, spindeli itakuwa imegandana na tufe: ipige kwa nyundo ya mpira ikizunguka, usiingize patasi kwenye kiungo. Zungusha shafti hadi upande bapa wa sivijointi uelekee juu, vuta polepole ikiwa imelala sawa. Ukiiachia ikainama, ncha zake zitakwaruza mahali pa sili.

Mkono wa usukani juu ya tufe umeshikwa na nati 4 zenye washa za koni vilevile. Chini ya mkono huo, na chini ya kifuniko cha chini, kuna vibati vyembamba vya kupangia. Vifunge kwa waya mafungu mawili tofauti, “juu” na “chini”, na vya kushoto visikutane na vya kulia. Vibati hivyo ndivyo vinavyoweka mkazo wa beringi na kulenga tufe katikati ya shafti; ukivichanganya, sili mpya itakaa kombo na kuvuja mwezi wa kwanza.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa hadi uone chuma. Tazama kombe za beringi za kingpini: mara nyingi utakuta mistari iliyochimbika, mmoja kwa kila roli, pale gurudumu linapokuwa limenyooka. Ndiyo inayofanya usukani “ukamatwe” katikati. Kombe hizo zitoke hata kama beringi inaonekana nzima. Kwenye sivijointi, shika shafti fupi uitikise. Ikiwa gari lilikuwa likilia tik-tik-tik ukikata kona, mifereji ya ndani imelika upande mmoja. Kwa sababu inalika zaidi upande wa kwenda mbele, sivijointi za kushoto na kulia zikibadilishana nafasi kwenye shafti zake hupata maisha mengine, na hiyo ni halali kabisa kama hazijapasuka.

Ukirudisha, funga tufe kwanza bila shafti na bila sili za nje. Kaza nati za mkono wa usukani karibu Nm 95, funga ndoano ya mizani kwenye tundu la tairodi, vuta kwa pembe mraba. Tufe lianze kusogea kati ya kilo 3 na 5. Likisogea kwa kilo moja, punguza vibati. Likigoma hadi 7, ongeza. Hapo ndipo mtikisiko wako unapokufa. Sasa sili ya ndani, mdomo ukitazama difu. Sivijointi iliyoshindiliwa grisi hadi itokeze upande wa pili. Na tufe lijazwe robo tatu, lisijae kabisa, maana grisi hupanuka ikipata joto.

Beringi za gurudumu: nati ya ndani kaza Nm 60 huku ukizungusha habu, ilegeze kabisa, kaza tena kwa nguvu ndogo, kisha ndoano kwenye bolti ya gurudumu. Habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.6. Weka washa mpya, nati ya nje Nm 64 hivi, pima tena kwa sababu nati ya nje hubana ya ndani, halafu kunja washa: sikio moja ndani, jingine nje. Kazi ya kupima kwa kutikisa tairi kwa mkono huacha beringi legevu.

Baada ya kilomita 500 rudi ukaze nati za mkono wa usukani. Bolti zake zikilegea hukatika, na zikikatika gurudumu halifuati tena usukani.

Ukiwa hapo chini, vuta kile kifuniko kidogo cha kupumulia juu ya ekseli. Kikiziba, joto la difu husukuma oili nje kupitia sili zako mpya, na ukizama mtoni difu lenye moto hupoa ghafla na kufyonza maji. Kitoe, funga mpira wa mafuta, upandishe hadi karibu na betri na uweke kifilta mwishoni. Katika marekebisho yote unayoweza kulifanyia gari hili, hilo ndilo la gharama ndogo na faida ya wazi. Fanya la nyuma pia. Ndani ya difu weka oili ya gia 80W-90 ya daraja la GL-5, lakini giaboksi ipate ya GL-4: dawa nyingi zilizomo kwenye GL-5 zinaweza kula pete za shaba za kulinganishia gia.

Breki

Mipira yote ya breki itoke bila kuikagua. Mpira mzee huvimba ndani, unapitisha presha ukikanyaga lakini haurudishi, na gurudumu hubaki limekamatwa. Wengi hubadilisha kalipa bure kwa sababu hiyo. Nyuma, vua ngoma, badilisha wili silinda zote mbili. Toa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Usisahau valvu iliyo juu ya ekseli ya nyuma, ile yenye fimbo ya springi: kama ina nipo yake nayo itolewe hewa.

Valvu hiyo inasoma umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari likiwa na mzigo, linashuka, nayo inaruhusu breki zaidi nyuma. Sasa ukiliinua gari, valvu inadhani pikapu ni tupu milele na kuinyima nyuma breki. Kila unapobadilisha springi, ongeza urefu wa mabano ya fimbo kwa kiasi kile kile ulichoinua.

Springi na matairi

Sentimita 10 ni nyingi mno. Kwa springi za majani, sentimita 5 hupita bila kuvuruga mambo mengine sana. Zaidi ya hapo propela hufanya kazi kwa pembe kali, jointi zake zinakufa, mipira ya breki haifiki, na kingpini hupoteza mlalo wake, ule mwinamo unaofanya usukani ujirudishe. Kwanza pima ulichonacho: kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne. Springi za miaka hiyo mara nyingi zimeshuka, na seti mpya ya kimo cha kawaida tu italipandisha gari kuliko lilivyo leo.

Chagua springi kwa uzito unaokaa kwenye gari siku zote, si ule unaotarajia kubeba mara mbili kwa mwaka. Springi za mzigo mzito kwenye pikapu tupu hazipindi, na kile ambacho springi haikipokei hupokelewa na chasisi uliyotoka kuichomelea. Shakeli ndefu, zile pingili zinazoshika ncha ya springi kwenye chasisi, ziache: shakeli iliyoongezwa sentimita 5 inainua gari sentimita 2.5 tu, huku ikizungusha ekseli.

Yu-bolti za zamani zimeshanyooka mara moja, hazirudi, nunua mpya. Bolti za bushi za mpira zifungwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu ukizifunga springi zikining'inia bushi hukaa zimesokoteka na kuchanika mapema. Yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita 500. Kama usukani sasa haurudi wenyewe baada ya kona na gari linatangatanga, mlalo wa kingpini umepungua: weka kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Za aluminiamu hupondeka na kulegeza yu-bolti. Kisha pima magurudumu ya mbele kwa futi, mbele na nyuma ya tairi kwa kimo cha habu. Mbele pawe pembamba kwa milimita 1 hadi 3.

Kuhusu matairi, hesabu ni hii. Tairi la asili, 7.50R16, lina kipenyo cha karibu milimita 805. 235/85R16 lina 806. 285/75R16 lina 834. Inchi 35, yaani 315/75R16, lina 879. Kutoka 805 hadi 879 unapata nafasi chini ya difu ya milimita 37 tu, kwa sababu ekseli inapanda nusu ya kipenyo. Kwa hizo milimita 37 unalipa: mwendo unaosomeka 100 unakuwa karibu 109, gia zote zinakuwa ndefu kwa asilimia 9, breki zinashikilia wenzo mrefu zaidi, na sivijointi zinapokea mzigo wa tairi zito linapokwama kwenye mwamba. 1HZ isiyo na tabo itaanza kuomba gia ya nne kwenye vilima ilivyokuwa ikivipanda na ya tano. 235/85 hukaa bila kuinua gari na kwenye tope hukata vizuri kuliko tairi pana. 285/75 ni mwisho wa busara, nalo linahitaji rimu ya inchi 7.5 au zaidi. Kwenye rimu za asili, nyembamba, halikai.

Kama rimu zako ni zile zenye ringi ya chuma ya kubania pembeni, toa upepo wote kwa kung'oa kiini cha valvu kabla ya kugusa, usiipige wala kuichomelea ikiwa na tairi, na ijaziwe upepo ndani ya kizimba. Ringi hiyo ikiruka huua.

Tabo

Inawezekana, lakini 1HZ haikuzaliwa nayo. Ni injini ya sentimita za ujazo 4,164 ambayo dizeli huanza kuungua kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na moto hutoka kwa njia nyembamba ukipiga sehemu moja ya pistoni. Ongeza dizeli, joto hilo linakusanyika hapo hapo: hedi hupasuka kati ya valvu, pistoni hufuata. Kinachoua si presha ya hewa. Ni dizeli ya ziada ambayo mafundi huifungua ili gari “livute”.

Kwa hiyo masharti. Injini iwe na mgandamizo ulio sawa, nozeli zimepimwa, rejeta imesafishwa na feni yake inashika. Presha isizidi bar 0.5. Kipimo cha joto la moshi kifungwe kwenye manifoldi kabla ya tabo, na kisimame mbele ya macho yako kwenye dashibodi. Bila hicho usiifunge. Anza bila kugusa skrubu ya dizeli kabisa, panda kilima kirefu na mzigo, soma. Hewa ya ziada peke yake hushusha joto na kuondoa moshi mweusi. Ukiamua kuongeza dizeli, zungusha skrubu kidogo sana, moja ya nane ya mzunguko, rudi kilima kile kile. Kipimo kikigusa nyuzi 700 za Selsiasi, rudisha nyuma. Barabarani kikianza kukaribia hapo, punguza mguu na ushushe gia, mizunguko ipande na hewa iongezeke. Kuendelea kukanyaga kwenye gia kubwa ndiko kunakopasua hedi. Ukifika juu, iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili iendelee kupita kwenye shafti ya tabo wakati inapoa.